Mita ya Mwisho ya Bomba

Hotuba kwa wasimamizi wa majengo na wawakilishi wa usalama kazini

Ndugu wasimamizi wa majengo, ndugu wawakilishi wa wafanyakazi, na ninyi mafundi mlioketi kule nyuma ambao leo nitawataja kuliko mtu mwingine yeyote: asanteni kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumzie mashine za maji ya kunywa kazini. Swali lililo mezani kwenu ni kama muendelee na mashine za madumu, au muunganishe mashine na bomba la maji linaloingia jengoni. Nimefanya kazi ya kutunza majengo kwa miaka mingi, nimebeba madumu na nimefunga mabomba, kwa hiyo jibu langu nalitoa mapema msije mkakaa mkilingojea. Hameni. Pale ambapo maji ya bomba ni salama na yanatoka kila siku, sioni sababu ya kuyasafirisha kwa lori. Lakini nina sharti moja, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo itakuwa juu ya sharti hilo.

Nianze na mgongo wa mtu.

Dumu la kawaida la mashine ya maji lina ujazo wa lita 18.9. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza uzito wa dumu lenyewe, unakaribia kilo 20. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, imeweka kilo 23 kuwa kiwango cha juu kabisa cha mzigo wa kunyanyua kwa mikono, tena katika mazingira bora: mzigo uwe karibu na mwili, uwe usawa wa kiuno, uwe na mahali pazuri pa kushika, na anayenyanyua asijipinde. Sasa mtazameni mtu anayebadilisha dumu. Anainama hadi sakafuni, anakumbatia kitu cha mviringo kinachoteleza, anakipandisha hadi kifuani, kisha anakipindua kichwa chini huku amejipinda ili shingo iingie tunduni bila maji kumwagika. Masharti yote ya zile kilo 23 amelazimika kuyavunja kwa mkupuo mmoja.

Tupige hesabu pamoja. Ofisi ina watu 50, na kila mmoja anakunywa lita moja na nusu kwa siku ya kazi. Hizo ni lita 75, yaani madumu manne. Kwa siku 22 za kazi tunapata madumu 88 kwa mwezi, na maji yaliyomo yana uzito wa zaidi ya kilo 1,600. Na dumu halinyanyuliwi mara moja tu. Linashushwa kwenye lori, linaingizwa stoo, linatolewa stoo kupelekwa ghorofani, ndipo linapinduliwa juu ya mashine. Tani ile ile inabebwa mara tatu au nne.

Anayeibeba ni nani? Kila mmoja aifikirie ofisi yake. Mara nyingi si yule anayesaini hati ya malipo. Ni mhudumu wa usafi, ni mlinzi, ni kijana aliyeajiriwa juzi ambaye hawezi kukataa. Au ni yeyote aliyekuta dumu limekwisha baada ya wengine kupita kimya kwa sababu migongo yao inauma. Mwenzangu mmoja aliumia hivyo, asubuhi ya siku ya kawaida kabisa, akiwa na dumu mikononi. Alirudi kazini baada ya wiki kadhaa, lakini tangu hapo sikumwona akinyanyua kitu kizito bila kusita kwanza. Zamu ya kubadilisha dumu siku ile ilikuwa yangu, naye alinisaidia tu kwa kuwa nilikuwa na shughuli nyingine. Sijalisahau hilo.

Mzigo unaonekana kwa macho. Kisichoonekana ni hewa. Mkibonyeza mashine ya dumu mnasikia mapovu yakipanda. Ule ni mlio wa hewa ya ofisini ikiingia ndani ya dumu kushika nafasi ya maji yaliyotoka. Hadi dumu linaisha, limeshavuta lita 18.9 za hewa ya chumba pamoja na vumbi lake na vijidudu vyake, isipokuwa kama mashine ina kichujio cha hewa kinachofanya kazi. Maji ya madumu mengi husafishwa kiwandani kwa gesi ya ozoni, ambayo ni kali kwa vijidudu lakini haidumu. Ikishatoweka, hakuna dawa inayobaki majini. Dumu lililofungwa vizuri halina neno. Likishafunguliwa, halina kinga. Ongezeni mikono iliyoshika shingo yake. Ongezeni madumu yaliyopangwa dirishani juani hadi yakaota ukijani. Ongezeni mashine ambayo tangi lake la ndani halijaoshwa tangu ifike. Nimezifungua mashine za namna hiyo. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa tangi unausikia utelezi, na utelezi huo ni utando wa bakteria.

Sisemi haya kuwachafulia jina wauzaji wa madumu. Wengi kazi yao wanaifanya vizuri, na kwa kuwa dumu huoshwa na kujazwa tena mara nyingi, si haki kulilinganisha na chupa ndogo inayotupwa baada ya kunywewa mara moja. Plastiki yenyewe ina maswali yake: madumu mengi magumu hutengenezwa kwa polikaboneti, na polikaboneti hutengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuipiga marufuku katika vifaa vinavyogusa chakula, ukatoa na muda wa mpito. Litieni hilo kwenye mizani. Kwangu si hoja ya kwanza. Hoja ya kwanza ni mgongo, na ya pili ni lori linalopeleka maji kwenye jengo ambalo tayari lina maji.

Sasa twende kwenye bomba.

Mwaka 1908, Jersey City huko Marekani ulianza kutia klorini katika maji ya mji mzima mwaka mzima, ukiwa mji wa kwanza nchini humo kufanya hivyo. Miji mingine ikafuata, na homa ya matumbo, iliyokuwa ikiwazika watu kila msimu, ikarudi nyuma. Jambo ninaloomba mlishike ni kwamba klorini haifanyi kazi mtamboni peke yake. Huachwa kidogo kwa makusudi isafiri na maji ndani ya mabomba, ili kijidudu kitakachopenya njiani kikutane nayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita. Huyo ndiye mlinzi wa maji yenu. Amefuatana nayo kutoka mtamboni hadi kwenye ukuta wa jengo.

Kisha tunafunga mashine, na kazi ya kwanza ya mashine ni kumwondoa mlinzi huyo.

Ndivyo kichujio cha mkaa kilivyo. Watu hawapendi harufu ya klorini, na mkaa huiondoa vizuri sana. Ndiyo sababu maji ya mashine huwa matamu kuliko ya koki ya jikoni, ingawa yote yametoka bomba moja. Lakini kuanzia pale kichujio kinapoishia hadi kwenye mdomo wa mashine, maji hayana kinga tena. Hapo katikati kuna mpira mwembamba, tangi dogo la baridi na mdomo wenyewe: labda mita moja kwa jumla. Mamlaka ya maji imeyatunza maji kwa kilomita na kilomita. Mita hii moja ya mwisho haitunzi yeye. Ni yetu.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hilo ndilo sharti nililolitaja mwanzo. Ofisi inayotoka kwenye dumu kwenda kwenye bomba imekubali kazi mpya ya kutunza maji. Awali kulikuwa na watu kiwandani waliolipwa kuosha, kujaza na kupima. Sasa mmewaondoa. Kama hamko tayari kumtaja mtu mmoja kwa jina, kazi hiyo iandikwe katika majukumu yake na atengewe saa za kuifanya, basi bakini na madumu na mnunue toroli nzuri ya kuyabebea. Nasema hivyo kwa nia njema kabisa. Mashine ya bomba isiyo na mwenyewe ni mbaya kuliko dumu, kwa sababu dumu angalau huondoka likaja jingine.

Mtu huyo kazi yake si ngumu, ila haikubali kusahauliwa. Jumatatu asubuhi, kabla wengine hawajafika, afungulie maji ya baridi yatoke hadi tangi lote la ndani libadilike. Yale yaliyomo yamelala bila klorini tangu Ijumaa jioni, zaidi ya saa 60. Kwa mashine nyingi ni lita chache tu, na zinaweza kumwagiliwa mimea. Baada ya likizo ndefu atoe mengi zaidi. Kila siku afute mdomo wa mashine kwa kitambaa safi chenye dawa, kwa kuwa watu huja na chupa zao walizokwisha kunywea na kuzigusisha pale pale. Mkiwa bado hamjanunua, chagueni mashine ambayo mdomo wake umefichwa juu ndani ya kava. Kitu kidogo, lakini kinazuia mafua ya mmoja kuwa ya wote.

Kichujio nacho kina umri wake. Watengenezaji wengi hutaka kibadilishwe kila miezi 6, au mapema zaidi kikishapitisha lita zilizoandikwa juu yake. Wapo wanaodhani kichujio kilichochoka hakidhuru, kwamba kinaacha tu kuchuja. Sivyo. Mkaa uliokwisha kunasa uchafu wa miezi mingi ni makao na chakula cha bakteria, na maji yote mnayokunywa yanapita katikati yake. Kila kichujio kinapobadilishwa, fundi apitishe dawa ya kuua vijidudu kwenye njia nzima ya maji ndani ya mashine, kisha asuuze hadi harufu iishe. Tarehe iandikwe mbele ya mashine, mahali mnywaji anapoiona anapojaza kikombe chake. Tarehe iliyofichwa nyuma ya mashine haisaidii mtu. Nimewahi kuvuta mashine ukutani nikakuta kibandiko chenye tarehe ya miaka miwili nyuma, na siku hiyo hiyo watu walikuwa wamepanga foleni mbele yake.

Mafundi, hapa nawageukia ninyi.

Katika jengo moja nililolisimamia tulifunga mashine mpya ghorofa ya tatu siku ya Ijumaa. Fundi alikuwa na haraka, akaukata mpira kwa kisu, na ulipokatwa ukaishia mshazari. Viungio vya kusukuma, vile visivyohitaji spana, vinataka mpira uliokatwa sawasawa ili pete ya ndani ikumbate pande zote. Usiku, matumizi ya maji mjini yanapopungua, presha ya bomba hupanda. Mpira ukachomoka. Jumatatu tulikuta maji ghorofa ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mpira ule ulikuwa mwembamba kama penseli, lakini ulikuwa na siku mbili na nusu za kumwaga bila mtu wa kuufunga. Tangu siku hiyo sikubali mashine ifungwe bila vitu vinne: koki ya kufungia ambayo mtu yeyote anaweza kuifikia, kipunguza presha, valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma kwenye bomba la jengo, na valvu ya kuzuia mafuriko, ile inayojifunga yenyewe maji yakipita mengi kwa mfululizo. Hii ya mwisho ndiyo inayokatwa kwenye makadirio watu wakitafuta unafuu. Msiikate. Na mkate mpira kwa kikatio chake.

Tena, msipitishe mpira huo kando ya bomba la maji moto au nyuma ya kitu kinachotoa joto. Bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45 za sentigredi, na wenzake wengi hupenda joto la namna hiyo. Wala msiache kipande cha bomba la zamani kinachoishia ukutani bila njia ya kutokea. Maji yanayokaa humo hayabadiliki, na yanarudisha uozo wake kwenye maji mnayokunywa.

Kabla ya yote hayo, pimeni. Pimeni maji ya jengo lenu, hapo mashine itakapokaa. Cheti cha mamlaka ya maji kinaeleza maji ya mtaa. Hakielezi mabomba yaliyozikwa ndani ya kuta zenu. Katika jengo kuukuu kunaweza kuwa na mabomba ya madini ya risasi, au viungio vilivyochomelewa kwa risasi, na risasi ikiyeyuka majini haina rangi, harufu wala ladha. Aprili 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani, ulibadilisha chanzo chake cha maji bila kutia dawa ya kuzuia maji yasile mabomba. Maji yakaanza kuila risasi iliyokuwa imetulia kwa miongo mingi, ikaingia kwenye miili ya watoto. Kwa hiyo kipimo cha risasi kichukuliwe asubuhi, kutoka kwenye maji ya kwanza kabisa, kabla mtu hajafungua koki, maana hayo ndiyo yaliyolala na bomba usiku kucha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, na kadiri inavyokuwa chini ndivyo bora. Kwa vijidudu kipimo ni rahisi kukikumbuka: ndani ya mililita 100 za maji, E. koli, yaani bakteria wa kinyesi, asionekane hata mmoja. Mashine ikishafungwa, pimeni tena, safari hii kwenye mdomo wa mashine.

Majibu ya vipimo ndiyo yatakayowaambia mnunue kichujio gani, si kijitabu cha muuzaji. Mkaa huondoa klorini, harufu na baadhi ya kemikali. Hauondoi chumvi, hauondoi floraidi, hauondoi naitreti. Kama tatizo lenu ni hayo, mtahitaji mashine inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana unaozuia karibu kila kilichoyeyuka, na mjue kwamba mashine hiyo humwaga sehemu ya maji kama taka na hutaka presha ya kutosha. Taa ya mionzi ya urujuanimno huua vijidudu vizuri, ila maji yawe maangavu, kwa sababu kijidudu kilichojificha nyuma ya tope hakifikiwi na mwanga. Kama maji yenu ni safi na kero yenu ni harufu tu, kichujio cha mkaa kinatosha. Nimeona ofisi zikinunua mtambo wa hatua saba kwa maji yasiyohitaji hata tatu, kisha vichujio vile saba vikakosa wa kuvibadilisha.

Kuna mahali ambapo nitawaambia msihame, au msihame bado. Ni pale maji yanapotoka kwa mgao. Bomba likikatika maji, presha ndani yake hushuka, na penye ufa hufyonza maji machafu ya ardhini. Maji yakirudi, yanakuja na yote yaliyofyonzwa, na klorini iliyomo huenda isitoshe. Majengo ya namna hiyo kwa kawaida hutegemea tangi la juu ya paa, na hapo swali linabadilika: mashine yenu haiko kwenye bomba tena, iko kwenye tangi. Pandeni mkalitazame. Je, lina mfuniko unaofunga? Je, tundu la hewa lina wavu wa kuzuia wadudu na ndege? Lilioshwa lini? Kuna na hesabu ya presha ambayo mafundi wanaijua: kila mita 10 za kimo kutoka tangi hadi koki hutoa presha ya takriban bari moja. Mashine nyingi zinataka zaidi ya hapo kidogo ili zifanye kazi vizuri. Kwa hiyo ghorofa iliyo chini tu ya paa, ambayo watu huidhania imependelewa kwa kuwa karibu na tangi, ndiyo yenye presha ndogo kuliko zote, na itahitaji pampu. Jengo likiwa na bomba linalopanda moja kwa moja kutoka mtaani bila kupitia tangi, ungeni mashine hapo.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi. Msiamini anayewaambia mashine ya bomba inapunguza umeme kwa kuwa ni ya bomba. Kuchemsha ni kuchemsha. Kinachokula umeme ni tangi la moto linalotunzwa karibu na nyuzi 90 usiku kucha na mwishoni mwa juma, hakuna wa kunywa. Fungeni saa ya kulizima. Lakini tangi la baridi liacheni likifanya kazi, kwa sababu likizimwa maji yake yanapanda hadi kwenye lile joto ambalo bakteria wanalipenda.

Na vikombe. Mwaka 1909 jimbo la Kansas nchini Marekani lilipiga marufuku kikombe kimoja cha kunywea wote mahali pa umma, kwa hofu ya kifua kikuu, na tangu enzi hizo kikombe cha kutupa kikaonekana ndicho usafi wenyewe. Kilikuwa na sababu yake. Lakini kuondoa madumu 88 kwa mwezi na kuleta maelfu ya vikombe vya plastiki ni kuhamisha taka kutoka kona moja kwenda nyingine. Kila mfanyakazi awe na chombo chake chenye jina lake, na sinki la kukioshea liwe karibu. Wageni wapewe bilauri.

Nikija kwa wafanyakazi wenyewe: wengi watasita. Mtu aliyenunuliwa maji ya dumu kwa miaka kumi amefundishwa, bila mtu kumtamkia, kwamba maji ya bomba si ya kunywa. Huwezi kumwambia tu, "Kunyweni, ni salama." Bandikeni majibu ya maabara pembeni ya mashine, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, yenye tarehe. Waonyesheni kichujio kilichotolewa na kipya kinachoingia. Yule anayefanya kazi ya kuitunza mashine ajulikane kwa sura, ili mwenye shaka amwendee yeye. Na mkurugenzi ajaze chombo chake pale pale kila siku. Kama yeye ana chupa zake za kununua ofisini mwake, hakuna kibandiko kitakachomshawishi mtu.

Msilione hili kuwa hisani ya mwajiri. Mkataba Na. 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaohusu usafi katika biashara na ofisi, unasema katika kifungu cha 12 kwamba wafanyakazi wapatiwe maji salama ya kunywa, au kinywaji kingine salama, kwa kiasi cha kutosha. Mfanyakazi anayeuliza kichujio kilibadilishwa lini hasumbui. Anauliza jambo analostahili kulijua, na msimamizi awe na jibu mfukoni.

Nimebakiwa na jambo moja, la siku ambayo bomba litakauka. Litakauka, hata mahali pazuri: mtaro utachimbwa, valvu itafungwa, tangazo litakuja kuchemsha maji. Mkihama msirudishe madumu yote. Bakizeni machache, yaliyofungwa, kivulini, tarehe zikiandikwa ubavuni na kubadilishwa kabla hazijapita. Nunueni pampu ya mkono ya kuvisha shingoni, ile inayotoa maji dumu likiwa limesimama, ili pasiwe na haja ya kulipindua. Na myaweke kwenye rafu imara iliyo usawa wa kiuno, siku hiyo ikifika asiwepo wa kuinama.

Asanteni. Mafundi, maswali yenu naomba yatangulie.